Vimelea ndani ya wadudu wa kaharabu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha biolojia Moshi, na mfukoni huwa nina kipande cha kaharabu kilichofungwa kwenye kitambaa. Ni kidogo kama punje ya harage, na ndani yake kuna mdudu mwenye mabawa mawili. Nikikitoa darasani, kwenye Hiace ya kwenda Arusha au nyumbani kwa watu, maswali ni yaleyale, na mengi ni mazuri kuliko ya kwenye mitihani. Nimeyakusanya hapa kama yalivyoulizwa.

Kaharabu ndiyo ambari?

Hapana. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi na hutiwa kwenye manukato. Kaharabu ni utomvu wa mti. Mti ukijeruhiwa hutoa utomvu mzito unaonata ili kuziba jeraha. Sehemu ya utomvu huo ikifukiwa na mchanga au tope, ikakaa humo mamilioni ya miaka, mafuta yake mepesi hutoka, kilichobaki hushikamana, na mwishowe unapata kitu kigumu kinachong'aa kama asali iliyoganda. Watu hukiita jiwe, ingawa asili yake ni mti. Jina lenyewe tumelipata kwa Waarabu, ambao neno hilohilo ndilo wanaloitia umeme, kwa sababu kaharabu ikisuguliwa kwenye nguo huvuta vipande vya karatasi. Wanafunzi wa kidato cha kwanza hulipenda jaribio hili kuliko yote.

Basi sandarusi ya pwani yetu nayo ni kaharabu?

Ni mdogo wake wa tumbo moja. Sandarusi hutoka kwenye msandarusi, mti ambao wanasayansi huuita Hymenaea verrucosa, unaoota pwani ya Afrika Mashariki na Madagaska. Karne ya 19 ilichimbwa ardhini huko Mrima, ikavushwa hadi Unguja, na nyingi ikaishia Salem, Marekani, kutengenezea vanishi. Wafanyabiashara wa wakati huo walijua kutofautisha: iliyotoka mtini moja kwa moja waliiita chakazi, na bei yake ilikuwa chini, iliyochimbwa, ambayo imekaa ardhini ikakomaa, ndiyo iliyotakiwa. Ndiyo tofauti ileile ambayo wataalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale, wanaitafuta leo wanapotenganisha utomvu mbichi, sandarusi na kaharabu. Sandarusi huwa na umri wa mamia au maelfu ya miaka. Kaharabu ni ya mamilioni.

Kuna jambo hapa ambalo natamani kila Mtanzania alijue. Kaharabu ya Jamhuri ya Dominika, huko Karibiani, ambayo imetoa vimelea wengi mashuhuri nitakaowataja hapa chini, ina umri wa kati ya miaka milioni 15 na 20, na ilitoka kwenye mti uliokwisha kutoweka. Mwaka 1991 George Poinar, mtaalamu wa vimelea wa Marekani, aliupa jina la Hymenaea protera, na kati ya jamaa zake walio hai, aliona kwamba anayefanana naye zaidi ni msandarusi wetu. Kwa hiyo unayetaka kujua mti uliomnasa mbu wa Karibiani ulikuwaje, nenda kasimame chini ya msandarusi.

Kimelea kinaonekanaje, wakati kinaishi ndani ya mdudu?

Hili ndilo swali lililonifanya nipende fani hii. Mifupa na magamba tunayoyaona kwenye miamba hutuambia nani aliishi. Mara chache sana hutuambia nani alikuwa akimla nani. Utomvu hukamata tendo likiwa linatendeka.

Chukua minyoo inayoitwa mermithi. Mnyoo mchanga hukua ndani ya tumbo la mdudu, akijikunja na kujikunja kama uzi kwenye kibiringo, mpaka awe mrefu kuliko mdudu mwenyewe. Akikomaa hutoboa na kutoka, na mwenyeji wake hufa muda mfupi baadaye. Sasa fikiria mdudu mwenye mnyoo wa namna hiyo ananaswa na utomvu. Mwenyeji anakufa, mnyoo anahisi nyumba imeharibika, anaanza kutoka, naye ananaswa akiwa nusu ndani nusu nje. Ndivyo tunavyowakuta. Huhitaji kufungua chochote. Mwanga mzuri na hadubini vinatosha.

Pale ambapo kimelea hakikutoka, kaharabu yenyewe husaidia kwa kuwa inapitisha mwanga. Huchongwa na kusuguliwa taratibu mpaka ukuta uwe mwembamba, kisha tumbo la mdudu huangaliwa kwa hadubini kali, kwa kuwa ngozi ya mdudu mdogo nayo hupenyeza mwanga. Siku hizi kuna pia picha za eksirei zinazopigwa kutoka pande zote na kuunganishwa na kompyuta, ukapata umbo zima la ndani bila kukata kitu.

Ni vimelea gani waliokwisha kupatikana?

Wengi kuliko ninavyoweza kuwataja. Nitawataja wale ambao hunirudisha kwenye hadubini.

Minyoo ya mermithi ndiyo yenye ushahidi mwingi. Kwenye kaharabu ya Lebanoni, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 120, kuna kijidudu cha jamii ya usubi asiyeuma na mnyoo wake, Cretacimermis libani. Mwaka 2023 watafiti walitangaza minyoo mingine 16 pamoja na wenyeji wao kutoka kaharabu ya Kachin, Myanmar, ya miaka milioni 99. Kati ya hao, 12 walikuwa na wenyeji ambao hakuna aliyejua kwamba waliwahi kushambuliwa enzi hizo. Maana yake, tabia hii ilikuwa imeenea msituni wakati dinosaria bado wanatembea.

Kuna minyoo nywele, ile mirefu myembamba ambayo mtoto wa mashambani huiona ikitoka kwa panzi aliyeanguka kwenye maji. Mmoja wao, Paleochordodes protus, alikutwa na mende kwenye kaharabu ya Dominika.

Kuna utitiri. Kwenye kaharabu ya Baltiki, kaskazini mwa Ulaya, yenye umri wa miaka milioni arobaini na kitu, yupo sisimizi mwenye utitiri uliomng'ang'ania kichwani, haukumwachia hata utomvu ulipowafunika wote wawili. Hiyo ilitangazwa mwaka 2014. Kaharabu hiyohiyo ya Baltiki ina sisimizi mwingine aliyeota kuvu: shina la uyoga limechomoza upande wake wa nyuma. Kuvu hiyo iliitwa Allocordyceps baltica mwaka 2021.

Na kuna wa ajabu kuliko wote, kwa maoni yangu. Mwaka 2024 ilitangazwa sehemu ya tegu ndani ya kaharabu ya Kachin, mkono wake wenye kulabu, wa kundi ambalo leo huishi ndani ya papa na taa. Tegu ni laini kama uji, ni nadra sana kuacha kisukuku. Na huyu ni wa samaki wa baharini, kwenye utomvu wa mti! Nimesoma maelezo yake mara tatu na bado nafurahi kila nikifika kwenye picha.

Malaria nayo imo?

Imo, lakini ielewe vizuri kabla hujaisimulia.

Mwaka 2005 Poinar alieleza mbu jike wa jenasi Culex kutoka kaharabu ya Dominika. Ndani ya mwili wake aliona vifuko vya vimelea kwenye ukuta wa utumbo, na vile vimelea vyembamba vyenye ncha vinavyosubiri kuingia kwenye damu ya atakayeumwa. Mbu aliitwa Culex malariager, yaani mbeba malaria, na kimelea kikaitwa Plasmodium dominicana. Hii ni malaria ya ndege, inayofanana na ile ya kuku. Haikumsumbua binadamu yeyote, kwa kuwa binadamu hakuwepo.

Kuna ya zamani zaidi. Usubi wa kaharabu ya Myanmar alikutwa na Paleohaemoproteus burmacis, ndugu wa karibu wa vimelea vya malaria. Na mwaka 2019 ulielezwa mbu wa ukoo wa Anofelesi, Priscoculex burmanicus, kutoka kaharabu hiyohiyo. Huyo mbu hakukutwa na kimelea, ila anatuonyesha kwamba ukoo wa wabebaji ulikuwa tayari miaka karibu milioni 100 iliyopita.

Mzee mmoja wa Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga chini ya Moshi ambako mbu hawajawahi kuwa hadithi, aliniuliza: "Mwalimu, kwa hiyo malaria ilitukuta au tuliikuta?" Nilimjibu kwamba ukoo wa vimelea vya malaria tuliukuta, tena umeishi na wenyeji wengine kwa muda usiosemeka. Ile malaria kali inayotusumbua sisi, falsiparamu, ilitoka kwa sokwe wakubwa waitwao gorila, na jambo hilo lilionyeshwa mwaka 2010 kwa kuchunguza vinyesi vyao katika misitu ya Afrika ya Kati. Kaharabu haikuhusika na ugunduzi huo. Kila chombo kina kazi yake.

Na malale? Na ndigana?

Wafugaji ndio huuliza hili, na wana haki.

Kimelea cha malale ni cha ukoo wa tripanosoma. Katika kaharabu ya Dominika kuna kunguni mnyonya damu, Triatoma dominicana, na kwenye matone ya kinyesi chake vilionekana vimelea vilivyoitwa Trypanosoma antiquus. Karibu yake kulikuwa na nywele za popo, pengine ndiye aliyenyonywa. Mbung'o wenyewe, ambao sisi tunaufahamu kutoka Tarangire na Serengeti, una visukuku vyake Colorado, Marekani, huko Florissant. Ila hao wamo kwenye mwamba wa tope la ziwa, si kwenye kaharabu. Mbung'o Marekani! Leo hakuna hata mmoja huko.

Ndigana kali huletwa na kupe, na kimelea chake kiko kundi moja na kile kinachomfanya ng'ombe akojoe damu. Mwaka 2017 kupe wa kaharabu ya Dominika alielezwa akiwa na chembe za damu za mnyama anyonyeshaye pembeni yake, na ndani ya chembe hizo kulikuwa na vimelea vya kundi hilo. Inaelekea damu ilikuwa ya kima, na kwamba kima mwenzake alimbandua kupe huyo mgongoni kama wanavyotoana hadi leo, akamtoboa na kumwangusha kwenye utomvu.

Mwaka huohuo 2017 kupe wa Kachin alikutwa ameshika unyoya wa dinosaria. Mfugaji wa Monduli akisikia hili hucheka kwa furaha, halafu huniuliza kama dinosaria naye aliogeshwa.

(Kupe na utitiri si wadudu, wana miguu minane. Nawaweka hapa kwa sababu kwenye kaharabu wanakaa pamoja na wadudu, na kwa sababu wafugaji hawataniacha nisipowataja.)

Nilisikia kuna kiroboto mwenye tauni.

Yupo kiroboto wa kaharabu ya Dominika, Atopopsyllus cionus, mwenye bakteria waliokauka kwenye mdomo wake wa kunyonyea. Umbo lao linafanana na bakteria wa tauni. Lakini umbo la bakteria ni ushahidi mwembamba: vijiti vifupi na vitufe vidogo vinafanana sana hata vikitoka koo tofauti kabisa. Poinar mwenyewe alisema hawezi kuwa na hakika. Watu wa Lushoto na Mbulu, ambako tauni imewahi kuua, wasilichukue jambo hili kama limekwisha.

Mnajuaje kwamba si uchafu tu, au kiputo cha hewa?

Mara nyingine watu hukosea, na nataka wanafunzi wangu walijue hilo mapema.

Mwaka 2019 wadudu wadogo kwenye manyoya ya dinosaria ndani ya kaharabu ya Kachin walitangazwa kuwa vimelea kama chawa, na habari ilienea dunia nzima. Mwaka 2021 watafiti wengine waliwaangalia upya wakaona ni watoto wa wadudu gamba, wale wanaofyonza maji ya mimea, waliopeperushwa tu wakaangukia hapo. Kukaa karibu na unyoya hakumfanyi mtu chawa.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kuuliza uhusiano wenyewe umeonekana wapi. Mnyoo aliye nusu tumboni ni ushahidi mkubwa. Mnyoo aliyelala sentimita moja pembeni ni ushahidi mdogo. Chembe zilizo ndani ya utumbo wa mbu, katika hatua mbalimbali za kukua zinazofuatana kama tunavyozijua leo, zina uzito kuliko kidoti kimoja.

Halafu kuna udanganyifu. Makumbusho ya Elimu Viumbe ya London yalikuwa na nzi kwenye kaharabu ya Baltiki, aliyeheshimiwa kwa miongo mingi kama ushahidi kwamba nzi wa chooni hawajabadilika kwa mamilioni ya miaka. Mwaka 1993 kijana aitwaye Andrew Ross aligundua kwamba kipande kilipasuliwa katikati, kikachimbwa shimo, nzi wa kawaida akawekwa, kikafungwa. Hapo kilikuwa kimepita mikononi mwa mabingwa.

Umri wa kaharabu hupimwaje?

Kaharabu yenyewe haipimiki vizuri, kwa hiyo hupimwa kilichofukiwa nayo. Kwa kaharabu ya Kachin walichukua chembe za madini ya zikoni kutoka kwenye mwamba ulioishika, wakapima urani iliyogeuka madini ya risasi, wakapata karibu miaka milioni 99. Pasipo madini ya namna hiyo huangaliwa visukuku vya chavua na viumbe vya baharini. Kosa hutokea. Kaharabu ya Ethiopia ilitangazwa mwaka 2010 kuwa na miaka milioni 95, na baadaye ikaonekana ni ya juzi tu, kati ya milioni 16 na 23.

Vimelea hawa wanaweza kufufuka na kuleta ugonjwa?

Hapana. Waliomo wamekufa na kubaki umbo.

Wanaouliza hili huwa wamesikia habari za vinasaba. Ni kweli kwamba mwaka 1993 kundi moja lilidai kupata vinasaba vya fukusi wa kaharabu ya Lebanoni. Maabara ya London ilirudia kazi za namna hiyo kwa uangalifu mkubwa, na mwaka 1997 ikasema haikupata kitu. Mwaka 2013 watafiti wa Manchester walijaribu nyuki waliokuwa kwenye sandarusi ya Kolombia, ambayo ni changa mno ukilinganisha na kaharabu, wakakosa. Vinasaba vya kale kuliko vyote vilivyosomwa vina umri wa miaka kama milioni 2, na vilihifadhiwa kwenye udongo ulioganda kwa baridi huko Greenland.

Waliofanikiwa, mwaka 2020, walitumia mbawakawa waliokuwa kwenye utomvu wa msandarusi kutoka Madagaska, wenye umri wa miaka 2 na 6. Miaka, si milioni. Hapo ndipo utafiti ulipo, na msandarusi upo hapa kwetu. Namwombea mwanafunzi wa Kitanzania aingie humo.

Tunaweza kupata kaharabu Mirerani, au kwenye Mlima Kilimanjaro?

Wachimbaji, hapana. Tanzanaiti iliumbika kwenye miamba iliyopikwa na kubanwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na wakati huo nchi kavu haikuwa na mti hata mmoja. Utomvu ungetoka wapi? Kilimanjaro na Meru ni volkano, na moto wa volkano huyeyusha utomvu kabla haujageuka kitu. Anayetafuta visukuku vya utomvu nchini aelekeze macho pwani.

Nimeuziwa kipande Arusha, nitajuaje kama ni halisi?

Nami niliwahi kuuziwa. Dalali alikuwa mchangamfu, kipande kilikuwa kizuri, na nilikuwa nimetoka kupokea mshahara. Nyumbani nilidondosha tone moja la dawa ya kutolea rangi ya kucha, nikasubiri nusu dakika, nikagusa: kidole kikanata. Ilikuwa sandarusi. Kaharabu iliyokomaa hainati hivyo.

Koroga chumvi kwenye glasi ya maji mpaka isiyeyuke tena, kisha tumbukiza kipande. Kioo na plastiki nyingi huzama, kaharabu huelea. Sandarusi nayo huelea, kwa hiyo usiishie hapo. Mdudu mwenyewe pia hukuambia: akiwa mkubwa, kamili, kanyoosha miguu katikati kabisa ya kipande, uwe na wasiwasi. Wadudu wa kweli huwa wadogo, wamejikunja, bawa limekatika, na kuna viputo na takataka za majani kando yao. Usitumie sindano ya moto kama alivyokushauri mtu wa sokoni. Unaweza kuichoma sehemu ambayo kimelea kilikuwa kimelala.

Kununua kaharabu ya Myanmar kuna shida gani?

Ipo shida kubwa. Machimbo ya Kachin yako kwenye eneo la vita, na mwaka 2017 jeshi la Myanmar liliyashika. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo kiliyaomba majarida yasitishe kuchapisha kazi za kaharabu iliyotoka huko baada ya hapo. Wengine walipinga, wakisema visukuku vingepotea kwenye maduka ya vito. Mimi sinunui. Sisi wa kaskazini tumeona jiwe linavyoondoka bila kujulikana limepitia wapi, mpaka ukuta wa kilomita zaidi ya 24 ukajengwa Mirerani mwaka 2018. Sitaki kuwa mnunuzi wa mwisho kwenye mnyororo wa namna hiyo.

Mwanangu anapenda mambo haya. Aanzie wapi, nasi hatuna hata hadubini?

Aanzie kwenye misindano. Mashamba ya misindano yapo kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro Magharibi, na kila mti uliojeruhiwa una utomvu. Mpe lenzi ya mkononi na daftari. Achague majeraha matano, ayaangalie kila wiki kwa miezi mitatu, aandike nani amenaswa, amekaa vipi, ana kitu gani kimemshika. Aangalie hasa sisimizi na vijidudu vidogo, chini ya tumbo na kwenye shingo, kwani ndiko utitiri hukaa. Akimkuta mmoja aliyening'inia, achore kabla ya kugusa. Wiki inayofuata utomvu utakuwa umeshuka tena, na huenda asimwone.